Redio ya Upepo ya Tupendane

Kondo alimwonya mume wangu. Nalisema hili mapema ili asije mtu akaniambia hatukuambiwa. Alimwonya mchana kweupe, kibarazani, mbele za watu, na sisi tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Nassibu mume wangu na Kondo walikuwa na karakana moja ya redio hapa Kanyenye, chumba kimoja chenye meza mbili na ugomvi usiokwisha. Nassibu ni Mnyamwezi wa Tabora hii hii. Kondo ni Mzaramo, aliletwa na kazi ya reli, akaoa, akatulia. Na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe vichwani wakalala vibarazani mwa babu zao. Mtani anakutukana asubuhi, mchana anakula kwako. Akifa mtu, yeye ndiye anayekuja kuvaa kanzu ya marehemu na kuwachekesha wafiwa. Mtani akikwambia neno hulibebi nyumbani. Ukilibeba ukakasirika, wewe ndiye uliyekosa adabu.

Basi, mwaka ule watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, na upande wa Sikonge, ndani kabisa ya miombo, kulikuwa na kijiji kipya kinaitwa Tupendane. Walikuwa na tumbaku, mizinga ya nyuki, na kitu kimoja ambacho majirani zao hawakuwa nacho: redio ya upepo. Si redio ya kusikiliza muziki, la. Ni ile ya kusema na kujibiwa. Lilikuwa lisanduku zito kama kasha la bibi harusi, lililoachwa na watu wa zamani waliokuja kuangamiza mbung'o. Ukiliwasha linanuka vumbi lililoungua, unangoja taa zake za ndani, zile chupa ndogo za kioo zinazoibeba sauti, zipate moto, ndipo sauti inakuja inakwaruza. Lakini inakuja. Alois, katibu wa kijiji, alikuwa akikaa mbele yake kila asubuhi anaita mjini.

Tena msidhani lilikuwa pambo. Masika mto wao ukijaa daraja la magogo linakwenda, na gari haliwezi kuvuka. Akiugua mtu, Alois anaita bomani, boma wanapeleka habari hospitali, Landrova inakuja mpaka ukingo wa huku, na wanakijiji wanambeba mgonjwa kwa machela na kumvusha kwa mtumbwi. Wakifika, gari lipo. Walioumwa na nyoka waliponea hapo, na wazazi waliokwama kujifungua pia. Bila lile sanduku, masika, Tupendane hawana pa kupigia kelele.

Sasa Nassibu alikuwa ametoka Dar es Salaam kwenye kozi. Ee bwana, hiyo kozi! Alirudi na kofia mpya na maneno mapya. Kila kitu transista. Redio za taa, anasema, ni vibibi, zinakula betri, zinachoka, dunia imeshazihama. Alikuwa amepewa huko kibao kidogo chenye transista ambacho, kwa maelezo yake, ukikiweka ndani ya lile sanduku la Tupendane mahali pa taa, linakuwa jipya kabisa. Mwenyekiti wa kijiji aliposikia akafurahi kupita kiasi, maana kulikuwa na mgeni kutoka mkoani anakuja kukagua, na nani asiyetaka kuonekana wa kisasa mbele ya mgeni? Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Siku anafunga mkoba wa vifaa kibarazani, mawingu yameshaanza kujikusanya, Kondo akasimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa.

"Wewe Mnyamwezi," akamwambia, "babu yako alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani na hakuuliza ndani mna nini. Na wewe liache hilo sanduku hivyo hivyo. Linasema, linasikia, unataka lifanye nini, likupikie? Mvua ziko mlangoni. Ukilichokonoa sasa, utaua mtu."

Nassibu akamjibu kwamba Mzaramo akiona kazi huiita mauti. Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Muuza kahawa alicheka, na mimi niliyekuwa nimesimama na ungo wangu wa mchele nilicheka kuliko wote. Kondo naye akacheka. Angefanyaje? Ndivyo utani ulivyo.

Nassibu akaenda Tupendane na lori la ushirika. Alirudi amejaa sifa hadi kooni. Alitoa taa za zamani zote, akaweka kibao chake, akaita mjini, mjini wakajibu kwa sauti nyororo kama mtu yuko chumba cha pili. Hakuna kukwaruza wala kungoja ipate moto. Kijiji kizima kilipiga vigelegele. Mgeni wa mkoani alipofika, Nassibu anasema, alishikana naye mkono mara mbili.

Na hakurudi mikono mitupu. Redio yetu ya nyumbani, ile kubwa ya mbao aliyoniachia baba yangu, ilikuwa imekaa bubu muda mrefu kwa sababu taa yake moja imekufa, na vipuri siku zile ungevipata wapi? Madukani hata sabuni ilikuwa hadithi. Nilikuwa nimemsumbua Nassibu kwa ajili ya redio ile, nakiri, nilimsumbua sana. Namwambia, fundi gani wewe, redio za watu wote zinaimba, ya mkeo imekaa kama kabati? Basi jioni ile akafungua mgongo wake, akachomeka kitu, akaniambia, "Mama Tatu, washa." Ikaimba. Taarabu ikajaa nyumba, nikacheza na mwanangu Tatu mpaka khanga ikanidondoka. Sikuuliza taa ametoa wapi. Mtu akikuletea asali unamuuliza jina la nyuki?

Mvua zikaanza, na mwaka ule hazikuwa na utani.

Pale Tupendane kulikuwa na mrina asali anaitwa Mahona, mtu wa makamo, mfupi, mwenye mikono mirefu, anayepanda mti kama anapanda kitanda chake. Siku moja asubuhi alikwenda kuangalia mzinga uliokuwa umelegea kwa upepo, tawi lilikuwa limelowa, akateleza. Mfupa wa paja ukavunjika ukatokeza nje. Wenzake wakamleta kijijini akiwa bado anaongea, tena anawaagiza wasimsahau shoka lake kule chini ya mti. Mkewe, Nyamizi, alikuwa na mimba. Akakimbia mwenyewe ofisini kwa Alois.

Alois akawasha redio. Kimya. Akazima, akawasha, akageuza kila kilichogeuka. Kimya. Usiku uliotangulia kulikuwa na radi, lakini haikupiga kijijini. Sababu nilielezwa baadaye na Nassibu mwenyewe, na wala sikumuomba. Lile sanduku lilikuwa la zamani, na umeme uliokuwa ukitoka tumboni mwake ulikuwa unarukaruka tangu liumbwe. Taa zake za zamani ziliuzoea, kama mwanamke anavyozoea mume mkali. Transista haivumilii. Siku za jua ilivumilia kidogo kidogo. Unyevu ulipoingia umeme ukaruka zaidi, kile kibao kikaungua, basi. Na hata angekuwepo pale mtu anayejua, angerudisha nini? Taa za zamani hazikuwepo. Nassibu alikuwa amezikusanya zote akaja nazo mjini, na fundi wa kuitwa akatengeneze alikuwa anaitwa kwa redio hiyo hiyo.

Wakambeba Mahona mpaka mtoni. Walikuwa na tumaini kwamba pengine Alois amefanikiwa baada ya wao kuondoka, pengine gari lipo. Wakamvusha, mto unatisha. Ng'ambo hakuna gari. Wakakaa pale na mvua yao, wamemfunika majani, na mmoja akashika baiskeli kwenye matope kuelekea mjini. Lori la tumbaku ndilo lililowaokota, kesho yake alasiri. Hospitali walisema jeraha limeshaoza, damu imeshaanza kuharibika. Angefika mapema, mguu ungebaki. Wakaukata juu ya goti.

Habari ililetwa na Kondo. Alikuja nyumbani kwangu na siku hiyo alipiga hodi. Nilipomsikia anapiga hodi nikajua kuna jambo. Akakaa kitini, akaeleza yote taratibu, Nassibu anamtazama mdomoni. Redio yangu ilikuwa inasoma salamu za wasikilizaji. Kondo alipomaliza, Nassibu akainuka, akaizima, akaigeuza, akafungua mgongo wake, akaitoa ile taa ikiwa bado ya moto. Ikamuunguza vidole naye hakuiachia. Hapo ndipo nilipojua.

"Uliniambia," akamwambia Kondo. "Kwa nini hukuniambia kwa dhati?"

"Niliwahi kusema nawe kwa dhati siku gani?" Kondo akajibu. "Ningeanza siku ile ungeniuliza kama naumwa."

Nilikuwa na hasira, jamani, hasira ya kuniua. Nilimkasirikia Nassibu, na kofia yake ya Dar es Salaam. Nilimkasirikia Kondo, maana mtu anayeona moto na kuutangaza kwa kichekesho naye ni mtu gani? Nilipofika kwangu mwenyewe hasira ikakosa pa kwenda. Masaa yale Mahona amelala chini ya majani ng'ambo ya mto, mimi nilikuwa nasikiliza taarabu kwa taa ya redio ya kijiji chake.

Mahona alilazwa hapa hapa mjini wiki nyingi, na barabara ya Tupendane ikafungwa kabisa. Kila siku Nassibu ananiambia nipike uji mzito, nipike kuku, anabeba mwenyewe. Nikadhani anafika. Kumbe anaishia getini. Siku moja nikamfuata, na mlinzi akaniuliza yule baba anayesimama nje na sufuria ana deni gani humu ndani. Nikamnyang'anya Nassibu sufuria nikaingia mwenyewe. Nikamkuta Nyamizi amekaa chini kando ya kitanda, tumbo limeshakuwa kubwa. Nikamwambia mimi ni mke wa fundi Nassibu. Wallahi, alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa uji. Akasema kijijini wanamngoja fundi kama wanavyongoja jua, aje atengeneze redio, maana radi imeiharibu.

Radi! Ndivyo walivyoamini wote. Alois alisema radi, mwenyekiti akasema radi, na radi haina wa kuitetea. Nilipomwambia Nassibu aliweka uso kwenye viganja. Alikuwa amekonda, halali, hagusi chochote cha transista. Nikamwambia ama aende akaseme, ama ale chakula, lakini kunyamaza na kushinda njaa, yote mawili, asinifanyie nyumbani kwangu. Akasema atasema siku ya kuirudisha redio, mbele ya watu wote, palepale alipopigiwa vigelegele.

Mvua zikapumzika kidogo, lori la ushirika likapata njia. Tukaenda wote: Nassibu, Kondo, mimi, na Mahona na Nyamizi waliokuwa wanarudi nyumbani. Sikuombwa kwenda, nilijiombea mwenyewe. Zile taa nilizipakata mimi, nimezifunga ndani ya khanga, kila lori likiruka naziinua juu. Mahona alikaa mbele na dereva. Mtoni tukashuka, akavushwa kwa mtumbwi ule ule, na Nassibu akaingia kwenye maji mpaka kifuani kuusukuma ingawa hakuna aliyemwambia.

Ofisi ya kijiji ilijaa. Mahona akapewa kiti karibu kabisa na meza ya redio, heshima yake, na Nassibu ikambidi afanye kazi goti lake likigusa ile suruali iliyokunjwa na kufungwa na pini. Akakitoa kibao chake. Akarudisha taa moja moja, nami nikimpa kutoka kwenye khanga. Akakaza, akapangusa, akawasha. Harufu ya vumbi lililoungua ikapanda. Tukangoja. Alois akaita mjini, na mjini, katikati ya kukwaruza, wakajibu: "Tupendane, tunawasikia. Mlikuwa wapi?"

Sijawahi kusikia kelele za furaha kama zile. Wanawake wakapiga vigelegele, mwenyekiti akamkumbatia Nassibu, mtu akasema huyu fundi ameishinda radi. Nikamwona mume wangu anainua mkono kuomba wanyamaze. Nikajua anasema sasa. Nilitaka aseme na sikutaka aseme, vyote pamoja.

Kondo akamtangulia. Sijui mpaka leo alikuwa na nia gani, kumsaidia au kumkomoa. Akapanda juu ya benchi, akaikunja kanzu yake kama anataka kucheza ngoma.

"Mnamshukuru nani? Radi yenu ndiyo hii imesimama hapa! Mnyamwezi huyu ndiye aliyewazimia redio, akawaibia taa akaenda kumchezeshea mkewe taarabu. Mguu wa Mahona ameukata yeye!"

Wakacheka. Walicheka mpaka Alois akaangusha kiti. Mzaramo na Mnyamwezi, nani hajui? Mwenyekiti akafuta machozi akasema watani hawa watatuua. Nassibu akasema, "Ni kweli." Akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, "Ndugu zangu, ni kweli, ni mimi." Ndiyo kwanza wakazidi kucheka, wakaona na yeye anajua kucheza. Nikatazama kila upande nikitafuta uso mmoja usiocheka.

Mahona hakuwa anacheka. Alimvuta Nassibu kwa kola, akamwinamisha mpaka sikio likafika mdomoni. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na khanga tupu mkononi, nikasikia kila neno.

"Nimekaa hapa nikaona ulichotoa na ulichorudisha," akasema. "Na wewe huchekeshi."

"Nisamehe, kaka. Niache niwaambie vizuri, waelewe."

"Hutawaambia." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo baya. "Wakijua kwamba redio hii inaweza kufa kwa mkono wa fundi, hawataiamini tena. Nyamizi atazaa kabla mvua hazijaisha. Alois akiita gari, nataka wambebe wakatembee bila kusitasita, wakijua gari lipo. Waache waendelee na radi yao."

"Na mimi je?"

"Wewe utashukuriwa," Mahona akasema.

Akamwachia kola. Kisha akapaza sauti, akamwita mkewe, akasema fundi hawezi kuondoka hivi hivi, kale kabuyu ka asali kapo nyumbani, asali ya mwisho aliyorina kabla ya kuanguka, akalete. Nyamizi akaenda mbio na tumbo lake, akarudi, akapiga goti mbele ya mume wangu kama desturi ilivyo, akamnyooshea. Nassibu akanitazama. Akapokea kwa mikono miwili, akasema asante, na watu wote ofisini wakapiga makofi.

Nami nikapiga.